Machicha ya Kahawa Usoni mwa Shemeji

Redio alifika kijiweni, na kabla hajakaa akaanza kutangaza. Tunamwita Redio kwa sababu habari haimkai kifuani, na ukimwomba apunguze sauti ndiyo kwanza anaongeza.

"Jamani, mmesikia? Daktari wa ngozi kasema wanawake waache kupaka vitu vya jikoni usoni. Limau hapana. Dawa ya meno hapana. Machicha ya kahawa hapana kabisa! Maji, sabuni isiyo kali, losheni ya kukinga jua, basi."

"Basi?" Wakili akashusha kikombe. Huyu hajawahi kuvaa joho hata la kuazima, ila kubisha ndiyo kazi anayoiweza. "Sasa sisi waume zao tutawashauri nini?"

"Kwani ushauri wako nani kauomba?" aliuliza Mzee Birika, muuza kahawa wetu, huku akipepea makaa.

"Hauombwi, unatolewa! Juzi nimemwambia mke wangu asisuke tena, nywele zipumue."

"Akasemaje?"

"Akasema ninyamaze kwanza, apumue yeye."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Spana peke yake hakucheka. Ni fundi wa magari, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa anakunywa kikombe ambacho nilikiona kabisa kuwa kitupu. Tena alikuwa amenyoa ndevu, kidevu kinang'aa.

"Redio," akasema polepole, "juzi si ulitangaza hapa hapa kwamba machicha ya kahawa yanang'arisha uso?"

"Ile ilikuwa juzi. Habari zinabadilika."

"Mimi nimempelekea shemeji yenu mfuko mzima!"

Mzee Birika akaacha kupepea. "Yale uliyoniomba jana? Nilidhani unapeleka bustanini! Spana, kahawa yangu naichemsha na tangawizi. Nyingi!"

Kila siku tunainywa, tunafuta machozi, tunasema leo imekolea. Hakuna aliyekumbuka kwamba kinachochoma koo hakiwezi kubembeleza shavu.

"Kesho anamsimamia mdogo wake harusini," Spana alisema. "Gauni liko tayari. Leo asubuhi kajifunika mtandio uso mzima, hajanisemesha. Nikimuuliza, anaugulia tu. Nimemharibia, jamani. Nimemharibia mke wangu."

Roho iliniuma kidogo. Kidogo tu, maana Wakili hakunipa nafasi.

"Kisheria wewe huna kosa. Mtangazaji ndiye mkosaji."

"Mimi?" Redio aliruka. "Nimepaka mtu mimi? Mwenye machicha yuko pale!"

"Thubutu!" Mzee Birika akanyanyua upepeo. "Mimi nauza ya kunywa!"

Walikuwa bado wanarushiana kosa hilo mke wa Spana alipotokea kwenye kona. Mtandio umefunika kichwa na mashavu, miwani ya jua imemeza kilichobaki. Mkononi ana mfuko.

"Hamjambo, shemeji zangu?"

"Hatujambo, shemeji!" Tuliitika kwa adabu ambayo kijiwe hiki hakikuwahi kuiona.

"Nasikia hapa ndipo kwenye hospitali ya ngozi. Daktari ni nani?"

Redio akamwonyesha Wakili, Wakili akamwonyesha Mzee Birika, na Mzee Birika akageukia makaa.

"Mke wangu, nisamehe," Spana alisimama. "Niambie nifanye nini."

"Kesho kwenye picha tunasimama pamoja. Siwezi kuwa hivi peke yangu, watu waniulize. Tufanane." Akamkabidhi mfuko ule ule wa machicha. "Paka."

"Hapa?"

"Ulinishauria wapi? Si sebuleni, mdogo wangu anasikia?"

Spana alitutazama kama anayetafuta mdhamini. Sote tukawa na shughuli na vikombe. Basi akachota kiganja kizima, akajisugua mashavu, akashuka mpaka kwenye kidevu kilichonyolewa. Kisha akatoa mlio ambao siwezi kuuandika, akaanza kuzunguka benchi huku akijipepea kwa kofia ya Wakili.

"Inawaka! Maji! Mzee, maji!"

"Maji safi yote yanachemka," alisema Mzee Birika.

Ndipo mkewe akavua miwani, akafungua mtandio. Uso ule ulikuwa laini, umetulia, hauna hata kipele. Spana alisimama wima, machicha yanamdondoka kifuani.

"Hukupaka?"

"Nipake nini? Nina pua, mume wangu. Tangawizi niliisikia kabla hujafika mlangoni."

"Sasa mbona umenitesa hivi?"

"Kwa sababu ulisema uso wangu umepauka. Mbele ya mdogo wangu. Tangawizi haikunichoma, neno hilo lilinichoma." Alisema bila kupandisha sauti.

Spana aliinamisha kichwa. "Hujapauka. Nilisema upuuzi. Hujapauka hata kidogo."

"Hilo ndilo nililolifuata." Akatoa leso yake, akaichovya kwenye ndoo ya kusuuzia vikombe, akamfuta taratibu. Chini ya machicha uso ulikuwa mwekundu, umeumuka, jicho moja limeanza kufumba. Mkewe akauangalia vizuri, upande huu na upande ule, kama msusi anayekagua kazi yake.

"Mke wangu," Spana aliuliza kwa unyonge, "kesho kwenye picha nitasimama upande gani?"

"Nyuma ya kamera," alisema, akavaa miwani yake, akaenda zake saluni.