Kasuku wa Mama Mkwe Amenyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mama mkwe amesafiri kwenda kwa dada yake hadi Jumapili, na kasuku wake kaniachia mimi. Mimi, si shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu, na anajiona mrithi wa kila kitu, hata vijiko. Mama katuambia wazi kwamba akirudi ataamua nani aendeshe duka lake la vitambaa, na jinsi kasuku atakavyotunzwa ndicho kipimo. Kasuku anaitwa Bwana Mkubwa. Mama anampenda kuliko sisi sote tukijumlishwa.

Mpango: nimfundishe kusema "Mkwe wangu hodari". Mama akiingia tu mlangoni, duka langu! Nimemsomesha asubuhi nzima. Kashika kitu kimoja, kikohozi changu. Kile ninachokohoa mke wangu akitaja kuosha madirisha.

Jumanne, 4 Machi

Anakohoa mchana kutwa. Kwa sauti yangu! Mke wangu kaogopa, kasema apelekwe kwa daktari. Nikamweleza kwamba huo si ugonjwa, ni usanii. Anakohoa, anacheka, kisha anarudi kwenye mbegu zake. Na nilikuwa sahihi. Naomba jambo hili likumbukwe.

Tatizo ni harufu. Tundu lake linataka kusafishwa, na mimi mgongo wa kuinama sina. Nikanunua kopo la manukato ya kupulizia chumbani. Nikapuliza juu, nikapuliza chini, nikapuliza nyuma ya pazia. Madirisha nikayafunga ili manukato yasipotee bure. Chumba sasa kinanukia kama bi harusi.

Jumatano, 5 Machi

Kikohozi kimekwisha! Kimya kabisa, hata salamu haitikii. Manukato yametibu, kwa hiyo nimepuliza tena. Kanenepa pia, manyoya yamemvimba, hana shingo. Na anacheza! Amekaa tuli kwenye kijiti chake lakini mkia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, bila muziki wowote.

Shemeji akapita, eti kusalimia. Akamtazama weee, akasema ndege huyu mgonjwa, hapumui vizuri. Wivu huo! Nikamwonyesha mlango kwa heshima zote.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu. Nimemkuta sakafuni mwa tundu, mdomo wazi, macho nusu, pua inachuruzika majimaji. Kila pumzi ina mlio mwembamba. Nikamwita kwa jina. Hakunitazama. Duka sikulifikiria hata kidogo. Haya, nililifikiria, lakini baadaye.

Nikakimbilia dawa yangu ya kuchua kifua. Mke wangu akaninyang'anya, akauliza nataka kumchua au kumkaanga. Mwenye gari ni shemeji peke yake. Nikampigia. Nikasema tafadhali. Akaja bila kunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Daktari wa mifugo hakumgusa kwanza. Alisimama kando akamwangalia anavyopumua. Akatueleza kwamba kasuku huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Ule mkia haukuwa dansi, alikuwa anahangaikia hewa. Yale manyoya hayakuwa unene, alikuwa anatafuta joto. Kikohozi cha kuiga wala si cha kutisha, akasema, ila ndege msemaji akinyamaza ghafla, usingoje kesho. Kisha akauliza tumepuliza nini ndani ya nyumba.

Nikasema hatujapuliza kitu. Mke wangu akanitazama. Shemeji akanusa shati langu.

"Nikikosea chanzo nitakosea na tiba," daktari akasema. "Umepuliza nini?"

Nikatapika yote, mpaka nyuma ya pazia. Bwana Mkubwa kawekwa kwenye sanduku lenye joto na oksijeni. Daktari hakuahidi kitu. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia ili shemeji asisikie.

Ijumaa, 7 Machi

Anapumua afadhali lakini bado yuko kwa daktari. Na mama mkwe kapiga simu, anataka kusikia sauti yake! Nikajifungia kabatini, nikapiga mluzi, nikasema "Mkwe wangu hodari" kwa sauti ya puani. Kisha mama akasema nimpe simu mke wangu. Wamezungumza mpaka chai ikapoa. Mimi sikuitwa tena.

Jumapili, 9 Machi

Karudi nyumbani! Mdomo umefungwa, mkia umetulia, na tayari kamtukana shemeji. Daktari kaagiza dawa, mapumziko, na hewa safi. Moshi, manukato, harufu kali ya aina yoyote, marufuku. Nimeitikia kila neno.

Mama mkwe kaingia saa ileile. Kumbe anajua kila kitu! Kamkumbatia kasuku wake kwanza, machozi yanamtoka, na hapo nilijionea aibu kweli. Kisha akatangaza bila hata kuketi.

"Duka nampa binti yangu. Wewe utamsaidia, na kila utakalofanya utamwuliza kwanza."

Shemeji kakosa! Nahesabu kuwa nimeshinda.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza dukani. Mama ameamua Bwana Mkubwa awe anashinda hapa, mbele ya macho ya mke wangu. Nimewahi mapema peke yangu kumwandalia pembe yake, iwe zawadi, na kwa kuwa ni zawadi, sikumwuliza mtu. Nimepaka ukutani rangi ya mafuta, kijani, nikarudia mara ya pili. Inang'aa! Madirisha yote nimeyafunga, vumbi lisiingie na shemeji asichungulie. Macho yananiwasha na kichwa kinazunguka kidogo, nadhani ni furaha.

Mke wangu yuko mlangoni na tundu mkononi, anagonga, anauliza hiyo ni harufu gani. Nimemjibu, harufu gani?