Mama Mkwe Ndani ya Friza

Jumatatu, 4 Machi
Ushindi! Jeni ya kware imenakilika. Ni jeni ya kipokezi kinachokaa kwenye kiini cha seli, kikishika homoni kinaziamuru jeni nyingine ziamke au zilale. Bado kujua inafanya kazi zaidi wapi: ini, figo, moyo au firigisi. Profesa kasema atakayewahi jibu ndiye atakayehutubia mkutano mkuu. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili maabara, akatabasamu. Tabasamu la mwizi lile!

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake nimeipata. Vichupa vyangu vya sampuli za kware havina majina ya viungo. Nimevipa majina ya ukweni: Mama Mkwe, Baba Mkwe, Shemeji Mkubwa, Shemeji Mdogo. Miwani achungulie mpaka macho yamtoke. Nani ni nani, sijaandika popote. Yote yako kichwani. Kichwa hakiibiwi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mke wangu kafungua daftari. Kasoma: “Mama Mkwe: katakata, saga, tia kwenye friza. Baba Mkwe: kesho.” Kaniuliza mama yake kanikosea nini. Nikamwambia ni kware tu. Akauliza, kwa hiyo mama yake ni kware? Chakula nimejipakulia mwenyewe. Baridi.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaja mwenyewe, na begi. Kakaa sebuleni, kanikazia macho, akataka kujua yeye ni kiungo gani. Nikasema moyo. Uso ukamchanua! Kampigia simu mumewe papo hapo. Mzee naye akataka moyo. Nikampa ini, nikamsifia ini mpaka akaridhika. Shemeji mkubwa kakubali figo. Shemeji mdogo kaangukia firigisi, kanuna. Amani imerejea nyumbani. Nina kipaji.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya matokeo. Nikatangaza kwa sauti: jeni inafanya kazi zaidi kwa Mama Mkwe! Profesa akauliza hicho ni kiungo gani. Nikafungua mdomo. Moyo? Hapana, huo ni wa jana, wa sebuleni. Cha Jumanne kilikuwa kipi? Kichwa cheupe. Nikasema ama ini, ama firigisi, ama vyote. Miwani akasimama, akasema kwa upole vipimo vyake vinaonyesha ini. Akaongeza kuwa tangu Jumatatu alikuwa anangoja nimwombe tushirikiane. Mkutano kapewa yeye.

Jumatatu, 11 Machi
Profesa kanipa kware wapya nianze upya. Kaamuru kila kichupa kiandikwe wazi. Nimemwitikia vizuri sana.
Kosa langu sasa nimeliona: kuchagua ndugu wanaokuja nyumbani! Safari hii nimetumia wakubwa wa kazini. “Profesa: katakata, saga, tupa mabaki.” Nani atashuku? Daftari nimelisahau ofisini kwa Profesa mchana, lakini sina wasiwasi. Ni mtu mwenye adabu, hawezi kulifungua.