Godoro la Mheshimiwa

Krispini hakuwa na kazi, ila hakukosa shughuli. Asubuhi hiyo aliegesha pikipiki yake nyekundu, kitu pekee duniani alichokipenda bila hila, mbele ya karakana ya fundi seremala Yotham mjini Mpanda, akingoja mjinga apite. Badala ya mjinga ikapita habari: Nyanzala, yule mama wa Kisukuma anayeongoza kundi la ngoma ya nyoka, anatafuta cha kumtandikia chatu wake. Sanduku limelowa mvua, na mashindano ni Jumamosi.

Krispini akatazama lundo la maranda ya mninga ambalo Yotham huwagawia bure wafuga kuku.

"Fundi, leo nakusaidia usafi," alisema, akaanza kujaza viroba.

Alinyunyizia marashi, akaandika kwa kalamu nene MATANDIKO MAALUMU YA NYOKA, akaongeza DARAJA LA KWANZA kwa sababu wino ulikuwa umebaki. Saa nne ilimkuta uani kwa Nyanzala, amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma cha kuokoteza. "Nimesikia Mheshimiwa analala vibaya."

"Marahaba, baba." Nyanzala alikaa kando ya sanduku ambamo Mheshimiwa, chatu mnene kama paja la beki, alikuwa amejikunja. Mama alichota maranda, akanusa, akapiga chafya mbili. "Mbona yana vumbi?"

"Hilo si vumbi, mayu, ni vitamini. Kiroba kimoja kwa gunia moja la mchele, na hapo nimekuonea huruma."

Nyanzala akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mzigo mzuri. Makundi yetu yote, Litapunga mpaka Katumba, yanahangaika na matandiko. Ungetuuzia sote. Shida wewe ni mtu wa nje. Kwetu anayemtandikia nyoka lazima awe amechanjwa dawa ya kundi."

"Nichanjeni!"

"Na ada? Anayeingia anakabidhi kitu anachokipenda kuliko vyote." Aliitazama pikipiki, kisha akaangalia pembeni kwa adabu. "Basi, acha tu. Nyie vijana hamuwezi. Kuna mtu wa Karema anakuja kesho na mzigo kama huu."

Hapa tumwonee huruma kidogo. Mchezo huu wa "toa kwanza, utavuna baadaye" Krispini alikuwa amewachezea wengine miaka sita, tena kwa heshima zote. Ila hakuwahi kuuona akiwa upande wa anayechezewa. Alichoona ni nyoka wote wa mkoa wamelalia maranda yake, na yeye ana pikipiki tatu. Akatoa funguo, akatoa kadi ya pikipiki, akasaini karatasi ya kukabidhi. Akachanjwa mikono yote miwili. Dawa iliwasha, naye akatabasamu.

Nyanzala akainuka, akavimwaga viroba bandani kwa kuku. Kisha akakausha sanduku kwa kitambaa na kutandika magazeti ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Mheshimiwa akajinyoosha juu yake.

"Mayu! Na matandiko yangu?"

"Vumbi la mbao linamwingia nyoka mdomoni, linashuka kifuani. Na hayo marashi yako ndiyo kabisa. Magazeti yanafyonza maji, yakichafuka unatupa. Kila kundi linajua hivyo."

"Kumbe ulijua tangu mwanzo?"

"Nimefuga miaka ishirini." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Huyu ndiye anayenilisha mimi na wanangu. Ulikuja kumuua kwa gunia la mchele."

Krispini aliona aibu, kidogo. Uchungu wa pikipiki ulikuwa mkubwa zaidi. "Naenda polisi!"

"Nenda. Waambie na ulichokuwa unauza."

Krispini akaketi chini. Nyanzala alimwacha alie kidogo, kisha akamletea uji, maana sasa alikuwa mtoto wa nyumbani.

"Usikate tamaa, mwanangu. Umeshachanjwa, ni mwenzetu. Mwenzetu akituletea mtu mpya, nusu ya ada ni yake."

Krispini akamkumbuka Enoka, rafiki yake wa damu, aliyemsimamia ndoa na kumuuguza malaria, na ambaye wiki iliyopita tu alinunua chombo kipya cha bluu cha kubebea abiria. Akajiambia kwamba kwa Enoka hawezi kabisa, hata iweje. Akanywa uji mpaka chini, akapangusa mdomo.

"Mayu," akauliza, "bajaji mnapokea?"