Taa ya Kushoto Inatoa Jasho

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha harusi ya shemeji yangu Devotha kimefanyika Kitura, kwa mama mkwe. Jumamosi bibi harusi anateremshwa Mbamba Bay, kwa kina Allen, bwana harusi. Swali lilikuwa moja tu: apande gari la nani? Mke wangu Vitalia akalitaja langu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndipo Cuthbert, mwanyumba wangu, mume wa dada yake mkubwa Vitalia, akaomba kuninong'oneza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba taa yangu ya nyuma ya kushoto imejaa maji. Akauliza kama nimeanza kufuga usipa, vile visamaki vya ziwani. Watu wakashika mbavu. Hata Vitalia!

Mama mkwe hakucheka. Alisema gari ambalo breki zake hazionekani kwenye zile kona za kuteremkia ziwani halimbebi mwanawe. Ijumaa atakagua mwenyewe. Akiona tone moja, Devotha anapanda la Cuthbert.

La Cuthbert! Mtu aliyevalisha usukani taulo!

Nimenunua silikoni. Nimeifungua taa, nikaziba ufa wa pembeni, nikazungusha kiungio chote. Chini nikakuta katundu kadogo. Nadhani kiwandani walikasahau. Nimekaziba nako, mara mbili. Sasa maji hayaingii.

Jumanne, 5 Agosti

Maji hayaingii. Wala hayatoki.

Jua lilipopanda, taa ikafanya ukungu, kisha matone. Nimechukua drai ya saluni ya Vitalia, nikaipuliza dakika ishirini. Ukungu ukahamia upande wa pili. Nikaufuata huko. Ukarudi ulikotoka. Mwalimu Scholastica, aliyekuwa amekaa anasubiri na nywele zimelowa, aliuliza kwa upole kama taa inasukwa au inatiwa dawa tu.

Vitalia amenipokonya drai. Amesema niende kwa fundi. Fundi! Cuthbert atajua kabla sijashika bisibisi.

Jumatano, 6 Agosti

Wazo! Limenijia katikati ya chai.

Kahawa ya mama mkwe imeanikwa kwenye vichanja wiki mbili, sasa iko kwenye magunia, kavu mpaka inalia ukiishika. Kitu kikavu namna ile lazima kina kiu. Basi kinywe maji ya taa yangu!

Nimeenda Kitura, nyuma ya gari upande mmoja wazi. Nikamwamkia shikamoo, nikasema nimekuja kumjulia hali tu. Alinitazama sana, maana sijawahi kuja bila kuitwa. Alipoingia jikoni kunichemshia viazi, nikaizika taa katikati ya gunia la tatu, nikalifunga vilevile. Kesho nitaifuata. Viazi vilikuwa vitamu sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Stoo tupu! Mama mkwe hayupo! Jirani akasema magunia yamepelekwa chama cha ushirika tangu asubuhi.

Nimeendesha huku namlilia Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea. Nimechelewa. Joakim, karani wa mizani, alikuwa amelimwaga gunia la tatu kwenye turubai ili apime unyevu. Juu ya kahawa imekaa taa yangu, nyekundu, inameta. Wakulima wameizunguka. Joakim anamwuliza mama mkwe kama hiyo ndiyo mbegu mpya inayozungumzwa.

Nilitaka kukana. Lakini gari langu lilikuwa mlangoni na pengo lake. Nikakiri mbele ya watu wote.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kahawa ile ikikataliwa, ni jasho la mwaka mzima la yule mama, na harusi keshokutwa. Joakim akatia punje kwenye kipimo. Akatia tena. Akasema kavu, safi, ipandishwe mizani. Nikakalia gunia la mtu.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliichukua taa, akaigeuzageuza, akauliza katundu haka nani amekaziba. Nikasema ni mimi. Nilisema kwa fahari kidogo. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa Mbinga kweli. Kahawa ukiifunga kwenye nailoni kabla haijakauka inatoa jasho, mwishowe inaoza. Kitu chenye unyevu kinaachiwa pa kupumulia, hata mtoto wa chekechea anajua. Akaazima sindano ya kushonea magunia, akatoboa. Maji yote yakamwagikia kiatu changu.

Taa ameondoka nayo. Amesema ataianika kichanjani, pamoja na kahawa ya mwisho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Kila mtu yuko nyumbani, kwa hiyo kila mtu amekuja kutazama ukaguzi. Taa nimeirudishia mahali pake, kavu. Cuthbert alipiga magoti nyuma ya gari langu na tochi ya simu, akalitafuta tone kwa dakika kumi. Hakuna! Nikakanyaga breki, watoto wakapiga kelele kwamba inawaka. Mama mkwe akasema basi, ni gari la Urbani. Langu!

Nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti. Kumbe nafuta machozi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeteremka salama. Devotha alilia kona tatu za kwanza, kisha akaomba muziki. Cuthbert alikuwa nyuma yangu safari nzima, akiitazama taa yangu ya kushoto. Hakuwa na kingine cha kutazama. Mama yake Allen, Mama Ottilia, alilipokea gari kwa vigelegele. Najua vilikuwa vya bibi harusi. Vingine vilikuwa vyangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi. Moyo mweupe kabisa. Nimefikiri sana ni nini kimeiponya taa. Vitalia anasema ni katundu. Mimi naona ni silikoni. Ilihitaji siku chache tu za kushika.

Imebaki nusu. Nikasema nisimsahau mama mkwe, aliyenistahi mbele ya watu. Yeye amebaki Mbamba Bay hadi Alhamisi. Nikapitia Kitura. Kahawa yake ya mwisho ameiingiza stoo kwa haraka ya harusi, bado ina ubichi kidogo. Na stoo yenyewe, sikuamini macho yangu! Matundu kumi na mawili ukutani, yamepangwa mstari chini ya paa. Upepo unaingia tu! Sijui fundi gani aliyasahau.

Nimeyaziba yote kwa nailoni na silikoni. Mara mbili.