Mtu Mliyenipa Si Mimi, na Mwanangu Ananikimbia

Xiaobei, Guangzhou

Kwa Laoban wa mchezo wa Kisiwa cha Mawingu,

Salamu kwako na kwa mafundi wako wote. Nakuita laoban kwa heshima, kama tunavyowaita mabosi wote wa viwanda tunakonunua nguo. Mimi ni mama wa watoto wawili. Derick, wa miezi minane, ninaye mgongoni hapa ninapoandika. Sia, wa miaka saba, yuko Moshi kwa bibi yake tangu mwaka jana. Kila Jumamosi saa tisa alasiri ya huku, bibi humwachia simu tukutane ndani ya mchezo wenu. Tungekutana, niseme. Jumamosi mbili sasa mwanangu akiniona tu, anatoka mbio; ile ya kwanza nilimzuia asiruke mto wa kisiwani, akanizunguka akaendelea kukimbia. Kuandikiana mmewafungia watoto wa umri wake, na mchezo ukiisha, bando la bibi nalo limeisha. Kwa hiyo nalalamika kwenu mliomtengeneza huyo mtu wa mchezoni anayesimama badala yangu na kukimbiwa.

1. Umbo. Nimevuta kile kipimo cha unene mpaka mwisho, kikagoma. Aliyetokea ni mimi nilipokuwa darasa la saba, tena nimetoka kuugua malaria. Sia hajawahi kumwona huyo.

2. Nywele. Mna mitindo sitini. Ipo ya moto wa buluu, ipo yenye pembe. Twende kilioni, mistari ile ya kawaida kabisa, mei you, kama wanavyotujibu sokoni wakiwa hawana kitu na hawataki kukitafuta.

3. Mgongo. Hapa ndipo nilipochoka. Mgongoni mnaweka upanga, mbawa, hata kobe. Kanga yenye mtoto ndani, hakuna. Nikachukua mbawa kwa sababu zilikuwa za bure. Laoban, ni mama gani wa Moshi ana mbawa? Mtoto mwenye akili zake lazima akimbie, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kukimbia watu asiowajua.

4. Uso. Upo wa furaha, wa hasira na wa ushindi. Wa mtu aliyepanda na kushuka barabara ya Huanshi Zhonglu tangu asubuhi akitafuta jinzi za watoto, huku mwingine anamvuta sikio kutoka mgongoni, haupo. Na huo ndio Sia anaoujua.

5. Huduma. Utaratibu niliufuata. Nilituma sampuli kama tunavyotuma kiwandani: picha zangu tatu, mbele, nyuma na ubavuni, pamoja na vipimo vya kifua, kiuno na nyonga, nikaomba mtu mmoja tu wa kuanzia. Mhudumu wenu akanijibu kwa kikatuni cha sungura anayeinama. Nimemtazama sana yule sungura. Hajasema lini.

Basi naomba kwa upole, ila sitarudia. Fundi aje Xiaobei na futi yake anipime, chai ipo. Nikishapimwa, wachezaji wote wa kike wapewe umbo langu mwezi mzima, Sia alizoee. Na kila Jumamosi saa tisa hadi saa kumi kisiwa kifungwe, tubaki wawili tu. Akinikimbia hata hapo, nitajua kosa si mbawa, ni mimi kukaa mbali mpaka nimesahaulika, na nitafunga mizigo niende Baiyun kupanda ndege. Sitaki kufika huko. Ndiyo maana nimeanza kuwalaumu nyie.

Nisalimie mafundi, mhudumu, na sungura.

Ni mimi mteja wenu ninayesubiri mwili wangu,
Joyness Lyimo (Mama Sia)

N.B. Kabla sijaituma, bibi ameongeza bando na Sia amepiga. Anasema alinijua siku ile ile ya kwanza. “Mama, watu wote wanarukaga ule mto. Wewe tu ndiyo ulisimama pale ukanizuia nisipite.” Nikamuuliza, sasa mbona unanikimbia? “Si ndiyo nataka unikimbize! Ila uko polepole, mama.” Kwa hiyo, laoban, msibadilishe kitu. Jumamosi nina mtoto wa kumkamata.