Yah: Kuzuiwa Kutazama Mpira wa Pete kwa Kosa la Kuwa Baba Mkwe

Gideoni Mwakibinga,
Mzee wa Kanisa (aliyefukuzwa uwanjani, si kanisani),
Rungwe, Mkoa wa Mbeya.
12 Agosti, 1975.

Kwa Mchungaji Andendekisye,
Usharikani.

Ndugu Mchungaji,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa heshima hizo hizo nakuarifu kwamba nimekasirika.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Mei ulihubiri kwamba familia ni benchi la kwanza la kanisa na uwanja wa michezo ni benchi la pili, na kwamba mzazi asiyekwenda kuwatazama vijana wakicheza anajinyima mafundisho ya imani ambayo hatayapata kwenye semina yoyote. Mimi nilikuwa nasinzia kidogo, nikaamka. Nikasema "Amina" peke yangu, kanisa zima likageuka. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika usharika huu aliyelitii neno lako kama mimi. Na malipo yangu ni nini? Barua ya Kamati ya Vijana ya tarehe 9 mwezi huu, yenye mhuri, isemayo kwamba Mzee Gideoni asionekane tena mahali popote timu yetu ya mpira wa pete inapocheza, "wala asikohoe karibu na uwanja." Hilo neno la kukohoa limepigiwa mstari mara mbili.

Jumamosi hii timu yetu inakwenda Iringa kucheza fainali na wasichana wa Kilolo. Mfungaji wetu ni Tupokigwe, mke wa mwanangu Anyitike. Nataka kuiona fainali hiyo. Sitaki kingine. Hata jino linaloniuma nimeliambia lisubiri hadi wiki ijayo.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa Mwalimu Joachim, kocha wetu, ambaye ni Mhehe wa Kalenga na mpaka leo anadhani mkwe wangu anasumbuliwa na tumbo la ghafla. Kwa faida yake naeleza. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hazungumzi naye, hataji jina lake, na wakikutana njiani yeye huingia vichakani mpaka mzee apite. Si uadui, ni heshima. Wakristo wengi wameiacha desturi hii, lakini Tupokigwe alilelewa na bibi yake, na bibi yule hakuwa mtu wa kuacha kitu. Mwaka wa pili huu tunaishi ua mmoja, na ninachokifahamu kwa mkwe wangu ni visigino.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe 14 Juni tulicheza na wasichana wa Mbeya mjini, hapa hapa kwenye kiwanja cha kanisa. Nilichelewa kwa sababu ya ng'ombe. Nilipofika, nimevaa koti jeusi na kofia yangu ya pama, tulikuwa tumefungana kumi na moja kwa kumi na moja, na Tupokigwe alikuwa na mpira mkononi, chini kabisa ya goli, hana wa kumzuia. Watu wanapiga kelele, "Tupa! Tupa!" Akaiona kofia. Mchungaji, binti yule aliuweka mpira chini taratibu kama anayelaza mtoto, akafunika uso kwa viganja, akaruka ua wa kanisa na kupotelea migombani. Mwalimu Joachim akaita mtu wa huduma ya kwanza. Tukafungwa kumi na mbili kwa kumi na moja. Mke wangu Tusajigwe, badala ya kunifariji, akasema, "Mzee, kofia yako imetufunga goli." Nami nilikuwa hata sijapata pa kukaa!

2. Kwa kuwa mimi ni mtu ninayekubali kurekebishwa, mechi ya pili nilijitanda kitenge cha mke wangu kichwani nikakaa katikati ya kina mama wa kwaya. Sioni aibu kulisema. Zakayo alipanda mti na hakuna kamati iliyomwandikia barua. Tulikuwa tunaongoza kwa magoli mengi, nami nilikuwa nimetulia kabisa nachukua mafundisho, mara baridi ya Julai ikanishika kooni nikakohoa. Mara moja tu! Kumbe mkwe wangu, kwa kuwa hanitazami, amekijua kikohozi changu kuliko daktari wa wilaya. Safari hii alikimbia na mpira wenyewe. Sheria za mchezo haziruhusu mtu kutembea na mpira hata hatua mbili. Yeye alikwenda nao mpaka mtoni. Mpira ulipatikana Jumatatu.

3. Hili ndilo lililonichoma. Usharika jirani, ambao sitautaja kwa sababu mimi ni Mkristo, walituma wajumbe wawili wenye tai nyumbani kwangu. Wakasema sifa zangu za kupenda michezo zimewafikia, na wananiomba niwe mgeni rasmi katika mechi ya kirafiki kati yao na sisi. Mtu mzima nikafurahi! Nilipiga koti pasi mimi mwenyewe. Nilipofika nikakuta kiti chenye mto, chai ya maziwa, maandazi na mtu wa kunishikia mwavuli. Nilishangaa kidogo kuona kiti kimewekwa chini kabisa ya goli lao, lakini nikadhani ndiyo itifaki. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana upande, na hapo vijana wanne wakaninyanyua pamoja na kiti, kikombe mkononi, wakanipeleka mpaka goli la pili. Ndipo nilipoelewa. Mchungaji, mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wao. Kwa mechi nzima Tupokigwe hakukanyaga duara la kufungia hata mara moja. Andazi la tano nililimaliza huku nalia moyoni.

4. Nusu fainali niliugua homa nikalala nyumbani. Tulishinda thelathini na moja kwa tisa. Kamati imeandika hilo kama ushahidi.

5. Namba hii nimeiruka. Ilihusu katibu wa Kamati, na mke wangu anasema haifai kufika mikononi mwa mchungaji.

6. Jumapili iliyopita Tupokigwe alikuwa na zamu ya kusoma somo, nami nilikuwa nyuma ya nguzo yangu ya siku zote. Somo lenyewe, kwa bahati mbaya, lilimhusu yule mwamuzi wa Israeli mwenye jina kama langu, aliyekwenda vitani na watu mia tatu. Kwa kuwa hawezi kulitaja jina la baba mkwe, alisoma hivi: "Mwenye Nyumba Yetu akagawa mitungi. Mwenye Nyumba Yetu akapiga tarumbeta. Na Wamidiani wakamkimbia Mwenye Nyumba Yetu." Sasa kila ninakopita waumini wananiuliza tarumbeta nimeificha wapi.

Hayo ni ya mwilini. Hasara ya kiroho ni kubwa zaidi, na hapa naomba usome polepole.

Katika mpira wa pete, mwenye mpira haruhusiwi kukaa nao. Sekunde tatu, atoe. Hilo limenifundisha utoaji kuliko hotuba zako zote za sadaka ya mavuno, usiniwie vibaya. Anayekuzuia husimama mbele yako mikono juu, lakini hakugusi; nimeishi na Tusajigwe miaka thelathini na moja na ninaufahamu mchezo huo. Na yule mfungaji, watu wote wakipiga makelele, yeye hutazama juu tu. Hayo nimeyapata katika mechi tatu ambazo sikumaliza hata moja kwa amani. Je, ningeachwa nikamaliza? Si sasa hivi ningekuwa nakusaidia kuhubiri?

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta maji ya moto ya kunawa na sahani ya magimbi, vinafuka moshi, na aliyeviweka simwoni. Wewe umehubiri neema kwa miaka mingi na mimi nilikuwa siielewi. Sasa naielewa: inafika kila siku, na huna pa kusemea ahsante. Nataka nikaseme ahsante Iringa, kwa kupiga makofi. Ni vibaya?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ukikataa la kwanza, nenda la pili.

(a) Utangaze kanisani, Jumapili tatu mfululizo kama zinavyotangazwa ndoa, kwamba desturi ya wakwe kukimbiana ni ya giza na imefutwa. Kwa kuwa fainali ni Jumamosi na Jumapili tatu hazipo, tangazo la kwanza lifanywe Jumatano, la pili Alhamisi na la tatu Ijumaa, na kengele igongwe ili watu wadhani ni Jumapili.

(b) Wazee wote wa usharika wanaokwenda Iringa wavae magunia ya kahawa kichwani, yametobolewa macho, ili Tupokigwe asijue yupi ni mimi. Nimezungumza na wazee wanne. Wawili wamekubali iwapo magunia yatafuliwa kwanza.

(c) Nivuliwe ubaba. Nipewe cheti chenye mhuri wa kanisa kisemacho kwamba, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, Gideoni Mwakibinga si baba wa mtu yeyote. Mtu asiye na mwana hana mkwe, na asiye na mkwe akae anapotaka. Usishtuke. Ibrahimu alikuwa tayari kumtoa mwanawe moja kwa moja. Mimi namtoa kwa saa mbili na atarudishwa. Anyitike nimeshamuuliza. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

(d) Yote yakishindikana, nitakwenda Iringa kwa miguu yangu, nitawatafuta viongozi wa timu ya Kilolo, na nitawaambia kuwa mimi ni mpenda maandazi. Sipendi kutishia. Lakini wao wana viti na sisi tuna kamati.

Utaona kwamba sijaomba mambo makubwa. Naomba kuwa mahali familia yangu ilipo, jambo ambalo uliliagiza wewe mwenyewe kutoka mimbarini, nami nina mashahidi walioniona nikiwa macho.

Nisalimie Mama Mchungaji na watoto wote, mgonga kengele, wazee wa magunia, na kina mama wa kwaya, uwaambie kitenge nimemrudishia mke wangu. Kamati ya Vijana nayo nisalimie, ila usiwasalimie kwa uchangamfu. Mwalimu Joachim mwambie binti ni mzima, tumbo lake halina neno.

Ni mimi, mtumishi mwenzako mwenye haki na hasira,

Gideoni Mwakibinga

Nyongeza: Mchungaji, barua hii usiisome. Kama umeshafika hapa, basi isahau, na magunia waambie wayarudishe ghalani.

Nilikuwa naisoma kwa sauti sebuleni ili Tusajigwe asikie kama imekaa sawa. Nilipomaliza kutaja jina langu, mlango wa jikoni ukafunguliwa na Tupokigwe akaingia. Hana kitenge usoni, hana viganja usoni. Akapiga goti akasema, "Shikamoo, baba Gideoni. Nimesikia yote. Nimezungumza na mama, nimemwomba na Mungu, jambo hili nimeliacha. Jumamosi uje ukae mbele. Mimi nitatazama goli."

Alilitaja jina, Mchungaji. Kila nilichokidai katika kurasa nne kilikuwa kimepiga goti mbele yangu kwenye mkeka. Nami nikatoka kwa dirisha.

Naandika haya nikiwa migombani, karatasi iko gotini, kiatu kimoja kimebaki ndani. Tusajigwe anapaza sauti ili majirani nao wafaidi: anasema hata ile mechi ya kwanza mimi ndiye niliyegeuka kwanza nikampa mtoto mgongo, na mtoto alikimbia kwa kunihurumia. Anasema katika nyumba hii mwenye kukimbia siku zote ni mimi, ila mwenzangu ana mbio zaidi. Ningependa kumjibu, lakini ni kweli. Naogopa. Sijui mtu humwambia nini mkwe wake. Baba yangu hakunionyesha, na kwenye mafundisho ya kipaimara halikuwemo.

Linaloniuma ni kwamba sikuitikia shikamoo yake. Bado amesimama mlangoni anangoja. Nimejaribu kusema "marahaba" hapa chini kwa chini mara tatu, sauti ikakataa. Mara ya nne imetoka kwa nguvu kama ya mtu anayefukuza nyani shambani. Amesikia, maana amecheka, na mimi nimechungulia kati ya majani nikamwona anavyocheka.

Ana mwanya, Mchungaji. Miaka miwili, na hakuna mtu aliyeniambia.