Malalamiko Kuhusu Mdogo Wangu Kuulizwa Yeye Mwenyewe

Kwa Mkuu wa Idara,

Mheshimiwa,

YAH: MTAFITI WENU WA UZAMIVU NA MADHARA ALIYOACHA KARAKANANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na saa ya ukutani ya idara yenu inakwenda vizuri. Kama umenisahau, mimi ndiye yule fundi saa mkabala na duka la madaftari. Mwaka jana mliniletea saa hiyo, ikapona, ukaniandikia barua ya shukrani. Nimeitia fremu. Iko ukutani, juu ya redio.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja mwenye begi mgongoni, akasema ni mwanafunzi wako na anaandika tasnifu kuhusu utambulisho na ustawi wa watu ambao ubongo wao ulikua kwa njia tofauti. Nilimkaribisha kwa mikono miwili. Ninaye mdogo wangu wa tumbo moja, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye usonji. Naishi naye na kufanya naye kazi tangu mama yetu afariki. Nikavuta stuli, nikakohoa, nikawa tayari kuhojiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nayapanga kwa namba ili yasipotee njiani.

1. Fomu ya ridhaa hakunipa mimi, alimpa yeye. Niliichukua kwa nia njema nikaisaini, naye kwa adabu akatoa nyingine. Mdogo wangu aliisoma kwa kidole, dakika arobaini, kisha akamrudishia akisema ukurasa wa tatu umewekwa mara mbili na wa nne haupo, aende akarekebishe. Mtafiti akaenda! Kesho yake akarudi na ukurasa wa nne. Nauliza, chuo kikuu kizima kinaambiwa nendeni, nacho kinakwenda?

2. Nilitolewa nje. Nje ya karakana yangu mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la wateja, ambalo kumbe lina msumari. Kwa miaka ishirini mimi ndiye ninayemjibia. Daktari akiuliza amelalaje, najibu. Jirani akiuliza kama ana furaha, najibu anayo. Majibu yangu hayajabadilika tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mtafiti makini angelipenda. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema popote kwamba kila mtu aulizwe habari za nywele zake.

3. Kioo cha mlango wangu kimepasuka, kwa hiyo nilisikia. Aliulizwa yeye ni nani. Nikatega sikio nikisubiri aseme ni mdogo wake fundi. Akasema, bila kupepesa macho, kwamba yeye ni fundi saa na kaka yake anaongea na wateja. Miaka yote hii, kumbe mimi ni karani wa mapokezi.

5. Akaulizwa ni nini kinachomnyima raha. Nilijua atataja ugonjwa wake, maana nimemtajia mara nyingi. Akataja redio yangu. Halafu akataja maneno ninayowaambia wateja, "mvumilieni, huyu hayuko sawa", na akayataja kwa tarehe, Mheshimiwa, kuanzia mteja wa kwanza. Akamalizia kwamba yeye yuko sawa, saa walizoleta ndizo hazikuwa sawa. Mtafiti aliandika yote, hata hakucheka. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa sababu niliona aibu.

6. Tangu siku hiyo kichwa kimemvimba. Nikisema hayuko sawa, anaweka kibano chini na kusema, "Niko sawa, kaka." Wateja nao wamepata mdomo. Mwalimu mstaafu alileta saa ya marehemu mumewe, akanikuta mlangoni na koti langu jeupe, akaniuliza kama fundi yupo. Na juzi mdogo wangu ameomba jina lake liwekwe kwenye bango la karakana, ambalo hadi sasa lina maneno FUNDI MKUU na picha yangu nimeshika lenzi. Mtu akianza kuulizwa yeye ni nani, mwisho wake ni bango. Leo karakana moja, kesho mji mzima: wagonjwa watawaeleza madaktari wanavyojisikia, wanafunzi watawaambia walimu wasichoelewa. Sisi tunaowajibia watu tutabaki na kazi gani?

Kwa heshima naomba mahojiano yake yafutwe, yangu yawekwe mahali pake, kwa jina lake. Mtafiti apewe onyo kwa kusikiliza kupita kiasi. Na idara itoe cheti chenye mhuri kwamba mdogo wangu hayuko sawa, nikitundike juu ya redio, kabla mchora mabango hajafika Jumatatu.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, karani wa mapokezi ambaye sasa ni mwenzangu, na hata huyo mtafiti. Mwambie zipu ya begi lake inaachia.

Wako katika kuwasemea wasioulizwa,

Fundi Mkuu

Baada ya sahihi: Mdogo wangu husoma kila karatasi inayotoka humu. Hii ameisoma kwa kidole mpaka mwisho, hakukasirika, akauliza tu la nne liko wapi, maana nimetoka la tatu nikarukia la tano. Nikasema nimesahau. Akasema, "Hujasahau, kaka. Andika."

Basi la nne ni hili. Mikono yangu inatetemeka, huu mwaka wa sita, na tangu hapo sijafungua saa ya mtu yeyote, ikiwemo ya idara yenu. Yeye aliiona mikono kabla sijakubali kuiona mwenyewe. Alisogeza kiti chake kwenye meza yangu, akaanza kazi, na kwa miaka yote sita hajamwambia mteja hata mmoja kwamba mimi siko sawa.

Barua yako ya shukrani nimeishusha ukutani. Tafadhali iandike upya, kwa jina lake. Jumatatu mchora mabango aje. Redio nimeizima.